Ramani ya usafiri inamwacha nani kituoni?

Mtoto wa miaka minne au mitano bado hajui kusoma, lakini ukisimama naye kituoni jijini Dar es Salaam anaweza kukuonyesha daladala ya kwenda kwa bibi hata kabla haijasimama. Hakusoma kibao cha mbele. Ameangalia mstari wa rangi uliopigwa ubavuni mwa gari, akakumbuka kuwa ndio ule wa Jumapili iliyopita. Mstari ule umewekwa ili gari la njia moja litofautiane na la nyingine, na kwa namna yake ni ramani. Umeacha mitaa, mito, madaraja na foleni zote, ukabakiza jambo moja tu ambalo abiria analitaka haraka: gari hili linakwenda wapi.

Ramani zote za usafiri wa umma duniani, ziwe za treni au mabasi, zinafanya kazi hiyo hiyo ya kufuta. Ramani inayoonyesha kila kitu haisomeki, na abiria ana dakika chache tu ya kuitazama huku mkono mmoja umeshika mfuko na mwingine umeshika mtoto. Kwa hiyo mchoraji hufuta. Swali ambalo wazazi wana haki ya kuliuliza ni kwamba, anapofuta, anamfikiria nani? Mara nyingi amemfikiria mtu mzima mwenye miguu yenye nguvu, macho yanayoona rangi zote, anayejua kusoma na asiyebeba mtu. Wengine wamekuwa wakiongezwa baadaye, na mara nyingi baada ya malalamiko.

Mchoro uliokataliwa

Reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa London, Uingereza, mwaka 1863. Njia zilipoongezeka, ramani zake ziliendelea kuchorwa kama ramani za kawaida za jiji, huku reli zikipita palepale zinapopita ardhini, na kila kona na kila umbali vikiwekwa jinsi vilivyo. Matokeo yake katikati ya jiji, ambako vituo vimesongamana, majina yalibanana hadi hayasomeki, na vituo vya pembezoni vilikuwa mbali kiasi cha kutoka nje ya karatasi.

Mwaka 1931 Harry Beck, kijana aliyekuwa akichora michoro ya kiufundi ya umeme katika idara ya ishara za reli hizo, aliona kosa liko wapi. Abiria aliye chini ya ardhi haoni kitu. Hajali kama reli imekata kona chini ya mtaa gani. Anachotaka kujua ni kituo gani kinafuata, na abadilishe treni wapi. Beck akanyoosha reli zote. Mistari yake ilikwenda mlalo, wima, au kwa pembe ya digrii 45, basi. Akapanua katikati ya jiji na kuvuta pembezoni karibu. Kila njia akaipa rangi yake. Juu ya ardhi alibakiza kitu kimoja tu, Mto Thames, ili mtu ajue yuko upande gani wa jiji.

Wakubwa waliukataa mchoro huo mwanzoni, kwa sababu waliona umeenda mbali mno na ramani zilizozoeleka. Aliupeleka tena, wakakubali kuujaribu, na Januari 1933 zikachapwa nakala zaidi ya 700,000 za mfukoni. Watu walizigombania ikabidi zichapwe tena. Beck alilipwa guinea chache tu, fedha ya Kiingereza ya wakati huo, na aliendelea kuuhudumia mchoro wake kwa miaka mingi, akiubadilisha kila njia mpya ilipofunguliwa, hadi mwaka 1959. Mwaka uliofuata ilitoka ramani nyingine yenye jina la mtu mwingine. Alipigania kazi yake irudishwe na hakufanikiwa. Alifariki mwaka 1974. Leo ramani ya London inachapishwa ikiwa na maneno madogo yanayomtaja kama mwenye wazo.

Mchoro huo ni mzuri, na hakuna ramani ya usafiri iliyoigwa zaidi yake. Lakini una uongo ndani yake, na uongo huo unamgharimu mtu mwenye mtoto mchovu. Kati ya vituo vya Leicester Square na Covent Garden kuna takriban mita 260, umbali ambao mtu anaweza kutembea kwa dakika chache bila kushuka ngazi hata moja. Kati ya Chesham na Chalfont & Latimer, huko nje ya jiji, kuna zaidi ya kilomita sita. Ukitazama mchoro, huwezi kudhani kuwa tofauti ni kubwa hivyo.

Watu wanauamini mchoro kuliko miguu yao. Mwaka 2011 mtafiti Zhan Guo wa Chuo Kikuu cha New York alichapisha uchunguzi wa jinsi abiria wa London wanavyochagua njia. Alikuta kwamba jinsi safari inavyoonekana kwenye mchoro ina uzito takriban mara mbili ya muda halisi wa safari katika uamuzi wa abiria. Yaani mtu anapanda njia ndefu kwa sababu kwenye karatasi imeonekana fupi, na anafanya hivyo hata kama amesafiri njia hiyo mara nyingi.

Mamlaka ya usafiri ya London yenyewe ilijaribu kurekebisha hilo baada ya miaka mingi. Mwaka 2015 ilitoa ramani inayoonyesha ni dakika ngapi za kutembea kutoka kituo kimoja hadi kingine, na mwaka 2016 ikatoa nyingine inayoonyesha idadi ya hatua. Kwa upande wa afya hilo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mwili kufanya kazi ya kutosha kila siku, na watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki. Familia inayoshuka kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu inapata sehemu ya dakika hizo bila kulipia uwanja wa mazoezi. Ila lazima ijue kwamba kituo hicho kiko karibu, na mchoro wa Beck haukuundwa kusema hivyo.

Bustani iliyokuwa mraba

Kufuta kukizidi, abiria hugoma. Ndivyo ilivyotokea New York, Marekani. Mwaka 1972 msanifu Mwitaliano Massimo Vignelli alitoa ramani ya reli za chini ya ardhi za jiji hilo iliyofuata kanuni kama za Beck: mistari iliyonyooka, pembe safi, rangi zinazovutia. Wasanifu waliipenda na bado wanaipenda. Wenye jiji hawakuipenda.

Sababu ni kwamba New York si London. Mitaa yake mingi imenyooka na ina namba, na mtu anayetoka kituoni anajua anatarajia kuona nini. Kwenye ramani ya Vignelli, bustani kubwa ya Central Park, ambayo kwa kweli ina urefu wa kilomita nne na upana wa chini ya kilomita moja, ilionekana kama mraba, tena wa rangi ya kijivu. Maji yalikuwa rangi ya mchanga. Mzazi aliyepanga kumpeleka mtoto bustanini na kushuka upande uliokaribia alijikuta ana mwendo ambao karatasi haikuutaja. Mwaka 1979 ramani hiyo iliondolewa ikaja nyingine yenye bustani ya kijani na mitaa yake. Vignelli alisema baadaye kwamba kosa lilikuwa kuweka bustani na maji kabisa, angefuta vyote. Huo ni utetezi wa msanifu. Mtu aliyetembea na mtoto mgongoni angekuwa na maoni tofauti.

Mjadala huo haujaisha. Aprili 2025 jiji hilo lilizindua ramani mpya ambayo imerudi kwenye michoro ya mistari iliyonyooka ya aina ile ile ya Vignelli, baada ya zaidi ya miaka 40.

London nayo ilipata fundisho lake. Mwaka 2009 waliochora toleo jipya waliona hata Mto Thames ni uchafu wakaufuta, pamoja na kanda za nauli. Wananchi walilalamika kwa nguvu, Meya wa wakati huo, Boris Johnson, akaagiza mto urudishwe, na kabla mwaka haujaisha ukarudi. Hakuna abiria anayepanda mto huo kwa treni. Lakini watu walihitaji kujua wapo ng'ambo ipi.

Panzi, bata na sanduku la matunda

Hadi hapo ramani zote zilizotajwa zinadai kitu kimoja: ujue kusoma. Mexico City ilipofungua njia yake ya kwanza ya reli ya chini ya ardhi Septemba 1969, watu wengi wa jiji hilo hawakujua kusoma, na wengine walikuwa wametoka vijijini wakizungumza lugha zao za asili. Kibao cha maneno peke yake kingewaacha nje.

Msanifu Lance Wyman, Mmarekani aliyekuwa ametoka kutengeneza nembo ya Michezo ya Olimpiki ya Mexico ya 1968, akishirikiana na wenzake wa huko, aliamua kila kituo kiwe na picha yake. Chapultepec, jina ambalo kwa lugha ya Kinahuatl maana yake ni kilima cha panzi, kikapewa panzi. Candelaria kikapewa bata. Merced, penye soko kubwa, kikapewa sanduku la matunda. Pino Suárez kikapewa hekalu dogo la kale ambalo mafundi walilifukua wakati wanachimba kituo chenyewe. Picha hizo zipo kwenye ramani, kwenye kuta za vituo na ndani ya mabehewa, na mpango huo unaendelea hadi leo kwa njia mpya.

Maana yake kwa familia ni rahisi kuiona. Bibi asiyejua kusoma anaweza kuambiwa ashuke kwenye bata. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuhesabu: panzi, halafu kituo kinachofuata, halafu kile kingine, tunashuka. Mgeni asiyejua Kihispania vilevile. Tokyo, Japani, nayo ilikuja na jibu lake mwaka 2004 kwa kuvipa vituo herufi na namba, ili mgeni asiyesoma maandishi ya Kijapani aweze kuhesabu. Ni njia nzuri, ingawa kwa mtoto namba haina ladha ya panzi.

Dar es Salaam haina haja ya kwenda mbali kutafuta picha, kwa sababu majina ya vituo vyake tayari ni picha. Mwendokasi ulipoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, vituo vilibaki na majina ambayo watu walikuwa wakiyatumia kwenye daladala. Mwembechai una mwembe na una chai. Magomeni Mapipa ina mapipa. Fire ni zimamoto. Urafiki ni jina la kiwanda cha nguo, lakini mtoto yeyote atakuchorea watu wawili wameshikana mikono bila kuuliza. Mtu angeweza kumpa mtoto penseli asubuhi na kufikia mchana njia nzima ikawa imepata picha zake. Ni ajabu kidogo kwamba mzigo huo mzuri wa majina haujawahi kutumiwa zaidi ya kuandikwa kwa herufi kubwa.

Ngazi ambazo hazikuchorwa

Rudi kwenye mchoro wa Beck na utazame alama zake zinazoonyesha vituo. Hazisemi chochote kuhusu ngazi. Kumbe alama moja ina lifti kutoka barabarani hadi treni, na nyingine ina ngazi nyingi zinazopinda. Mama mwenye kigari cha mtoto mchanga, baba anayemsindikiza mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, mjamzito wa miezi minane, wote wanaona alama ile ile.

Ndiyo maana London inatoa ramani nyingine ya watu wasioweza kupanda ngazi. Alama ya bluu ya kiti cha magurudumu inaonyesha kituo ambacho mtu anafika hadi ndani ya treni bila ngazi. Alama nyeupe inaonyesha anafika hadi ukingo wa reli, lakini kupanda treni kunaweza kuhitaji msaada. Kati ya vituo 272 vya reli hiyo ya chini ya ardhi, vinavyofikika bila ngazi ni takriban theluthi moja. Kwa maneno mengine, siku mzazi anapotoka na kigari, jiji linapoteza theluthi mbili za vituo vyake. Njia ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022, ndiyo imejengwa kwa hesabu nyingine: vituo vyake vyote 41 vinafikika bila ngazi.

New York iko nyuma zaidi. Mwaka 2022 mamlaka ya reli ya huko, baada ya kushtakiwa na watu wenye ulemavu, ilikubali kuhakikisha asilimia 95 ya vituo vinafikika ifikapo mwaka 2055. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa makubaliano hayo na anayetumia kiti cha magurudumu atakuwa na miaka 33 ahadi itakapotimia, kama itatimia.

Hapa kwetu mbeleko inapanda ngazi bila kuomba lifti, na pengine ndiyo maana jambo hili halizungumzwi sana. Lakini mbeleko ina mwisho. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akifika miaka minane au tisa bado anabebwa mgongoni kwenda kliniki ya mazoezi ya viungo, na mama yake anajua, bila kuambiwa na ramani yoyote, ni kituo kipi kina ngazi fupi, gari lipi lina mlango mpana na konda yupi hasubiri. Ujuzi huo wote umo kichwani mwa mtu mmoja. Haujaandikwa popote ambapo mama mwingine anaweza kuusoma.

Kuna vizuizi visivyoonekana pia. Mwaka 2017 London ilitoa ramani yenye kivuli cha kijivu kwenye sehemu ambazo treni inapita ndani ya mahandaki, kwa ajili ya watu wenye hofu ya sehemu finyu. Wengi walishangaa kuona kwamba zaidi ya nusu ya njia hizo zinazoitwa za chini ya ardhi ziko juu ya ardhi. Mtu anayepata hofu kali, na hofu hiyo huwapata hata watoto, anaweza sasa kupanga safari ya kukwepa mahandaki.

Halafu kuna rangi, ambazo Beck alizitegemea na ambazo daladala zinazitegemea. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mwanaume mmoja kati ya 12 na mwanamke mmoja kati ya 200 wana upofu wa rangi, mara nyingi wa kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Barani Afrika kiwango kiko chini, lakini watoto wa namna hiyo wapo katika shule zetu. Aina iliyozoeleka hurithiwa kupitia kromosomu X, ndiyo maana mama anaweza kuona rangi zote vizuri na bado akampa mtoto wa kiume hali hiyo. Mtoto mwenyewe hajui kuwa anaona tofauti na wenzake. Anapaka majani rangi ya kahawia, anaambiwa mzembe. Anapanda gari lisilo lake, anaambiwa hasikilizi.

Hakuna dawa ya upofu wa rangi wa kuzaliwa, lakini kipimo ni rahisi: kwenye kliniki ya macho mtoto huonyeshwa vibao vyenye vidoti vya rangi na kuulizwa anaona namba gani, au mchoro gani kama hajui namba. Mzazi anayemfundisha mtoto kupanda gari kwa rangi ya mstari ni vizuri ahakikishe kwanza kwamba mtoto anaiona rangi hiyo. London ina toleo la ramani yake lisilotegemea rangi. Matatu za Nairobi zinafanya kitu kilicho rahisi zaidi, zinaandika namba: 46 ni Kawangware, 111 ni Ngong, 125 ni Rongai. Namba kubwa iliyoandikwa vizuri haihitaji kipimo cha macho ya rangi.

Nairobi walipanda gari moja baada ya jingine

Namba hizo zilikuwepo kwa miaka mingi bila ramani. Mkazi wa Nairobi aliijua njia yake, na pengine mbili tatu za jirani, basi. Mgeni aliuliza. Hakuna ofisi iliyokuwa na karatasi moja inayoonyesha matatu zote zinapita wapi, kwa sababu wenye magari ni watu binafsi na njia zilikua zenyewe kufuata abiria.

Kuanzia mwaka 2012 wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani, waliamua kuzipanda. Walikaa ndani ya matatu wakiwa na simu zinazorekodi mahali gari lilipo, wakaandika kila linaposimama, kiwe kituo rasmi au chini ya mti. Mradi uliitwa Digital Matatus. Januari 2014 ulitoa ramani ya njia zaidi ya 130 iliyochorwa kwa mtindo wa zile za London na New York, na serikali ya jiji ikaikubali kuwa ramani rasmi. Mwaka 2015 taarifa hizo ziliingia kwenye Google Maps, na mtu mwenye simu akaweza kutafuta safari ya matatu kama anavyotafuta mtu wa Ulaya.

Kilichowashangaza wengi ni umbo lenyewe. Mistari karibu yote ilikimbilia katikati ya jiji kama nyuzi za buibui. Mtu aliyetoka mtaa mmoja wa pembeni kwenda mwingine wa pembeni, hata kama iko jirani, alilazimika kuingia mjini, kushuka, kutembea hadi kituo kingine na kulipa nauli ya pili. Kwa mfanyakazi ni usumbufu. Kwa mama mwenye mtoto mwenye homa anayetafuta hospitali iliyo upande wa pili, ni saa nzima au zaidi, na nauli hiyo ya pili wakati mwingine ndiyo inayoamua aende leo au asubiri kesho. Kila abiria alikuwa anajua shida ya safari yake. Ramani ndiyo iliyoonyesha kwamba ni shida ya jiji zima, na baada ya kuiona, wenye matatu nao walianza kuzungumzia njia mpya za kuunganisha mitaa bila kupita mjini.

Hapo ndipo kazi ya ramani inapozidi ile ya kumwelekeza mtu. Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na miji mingine yenye daladala ina maswali hayo hayo. Njia ipi inafika kwenye kituo cha afya, na ipi inakiacha kilomita mbili? Watoto wa shule wanabadilisha gari wapi, na hapo wanapovukia kuna kivuko? Haya si maswali ya urembo wa mchoro.

Mtoto achore yake

Simu imerahisisha mengi, lakini inaonekana kuna kazi ambayo inauondolea ubongo. Madereva wa teksi wa London hawaruhusiwi kuanza kazi hadi wakariri takriban mitaa 25,000, mafunzo yanayochukua miaka mitatu hadi minne. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva hao wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo linaloshughulika na kumbukumbu na uelekeo, ni kubwa kuliko ya watu wa kawaida. Mwaka 2006 waliwalinganisha na madereva wa mabasi, wanaopita njia ile ile kila siku, na tofauti ikaonekana tena. Utafiti mwingine wa London wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mtu anapotafuta njia mwenyewe hipokampasi hufanya kazi kwa nguvu, lakini anapofuata maelekezo ya kifaa haionyeshi msisimko huo. Tafiti hizi zilifanywa kwa watu wazima na hazithibitishi kwamba ramani humwongezea mtoto akili darasani. Zinaonyesha tu kwamba kutafuta njia ni kazi ambayo ubongo unaifanya, na hauifanyi ukifanyiwa.

Mtoto anayekaribia kuanza kupanda daladala mwenyewe anaweza kuchora ramani yake. Karatasi moja inatosha. Achore nyumbani na shule, mstari katikati, na vituo kwa mpangilio. Umbali usimsumbue, hata Beck haukumsumbua. Picha za vituo achague yeye, kwa sababu anachokiona dirishani akiwa kimo chake si anachokiona mzazi aliyesimama. Mzazi ahakikishe vitu viwili: kituo cha mwisho kabla ya kushuka kiwe na picha inayoonekana vizuri, ili mtoto aanze kusogea mlangoni mapema, na kituo kinachofuata baada ya cha kushuka nacho kichorwe. Hicho cha pili ndicho wazazi wengi hukisahau. Mtoto akikiona anajua amepitiliza, na anapaswa kuwa ameshaelezwa nyumbani afanye nini: amwambie konda, au mama mwenye mtoto aliyekaa karibu, ashuke penye watu na abaki hapo hapo.

Safari ya kurudi ichorwe peke yake, upande wa pili wa karatasi. Mtu mzima anadhani ni ile ile imegeuzwa, lakini kwa mtoto duka lililokuwa kulia sasa liko kushoto, na kituo cha kurudi mara nyingi kiko ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo penye hatari zaidi, kwenye kuvuka, na mahali pa kuvukia pachorwe kwa rangi nzito kuliko kitu kingine chochote kwenye karatasi. Namba ya simu ya mzazi iandikwe pembeni.

Mzazi apande naye mara kadhaa, mtoto akiwa ndiye anayesema washuke wapi. Akikosea, mwache apitilize kituo kimoja huku uko naye, mrudi pamoja kwa miguu.